Kipima Pumzi cha Mama

Mama yangu ana pumu tangu tukiwa wadogo. Kule Ruiri kifua chake kilipiga filimbi mpaka mbuzi wa kijiji kizima wakadhani wanaitwa. Daktari alipompa kipima pumzi, kile kibomba cha plastiki unachopuliza kwa nguvu mshale ukapanda kwenye namba, nilifurahi kuliko siku niliyomaliza shule ya usiku. Na siku hiyo nilicheza hadi viatu vikafunguka midomo.

Kila asubuhi nilimpigia simu kutoka Embu. "Mama, leo mshale umefika wapi?"

"Palepale pa jana. Kwa kijani."

Kijani ni salama. Nyekundu, kimbia hospitali. Nikawatangazia majirani wote wa Dallas, mtaa wangu hapo Embu, kwamba mapafu ya mama yangu yanaweza kuzungusha mashine ya kusaga posho.

Nilipoenda kumwona, nilikisikia kifua kabla sijafungua geti. Alikuwa ameketi ameinama, mikono magotini, mabega yakipanda na kushuka. Dada yangu, anayeishi naye, akasema, "Usishtuke, kaka. Amepima saa hii. Ni kijani."

"Kijani gani, na midomo imekuwa rangi ya majivu?"

"Basi wewe msomi, bishana na mashine!"

Akaenda kuileta. Aliitoa juu ya meko, kwenye dari la vijiti ambako kwetu mbegu za mahindi na maharagwe hukaa ili moshi ufukuze wadudu. Kitu cha thamani hakiwekwi kwingine. Kipima kilikuwa cheusi kama sufuria ya harusi. Nikapuliza mimi, mwenye kifua cha kung'oa mabati. Mshale haukutikisika. Nikausukuma kwa kidole, wapi! Masizi yalikuwa yameugandisha hapohapo kwa kijani.

Tulimkimbiza hospitali kwa pikapu ya jirani.

"Mimi nilijua sipumui vizuri," alisema kipande kipande, akivuta mvuke wa dawa. "Lakini mlikuwa... mmefurahi sana."



Sasa ana kipima kipya, kinakaa chumbani, mbali na moshi. Hunitajia namba kwa simu, kisha namwomba anisomee sala ya Baba Yetu kwa Kimeru, nisikilize pumzi inamkatikia wapi. Leo amefika kwenye mkate wa kila siku, akakatika.

"Endelea, mama."

"Ngoja nivute pumzi," akasema.