Daktari kasema uvimbe wangu "mpole", nikaanza kugawa kanga zangu

Vijana wa jukwaa hili, najua humu kila mtu ni mkuu. Mimi ni bibi yenu, nipo Mapinga. Shikamoo zenu nimeshazipokea zote, marahaba, tusipoteze muda.

Haya yamenikuta mimi mwenyewe, shingoni. Na aliyeyasababisha amekaa hapa pembeni anamenya vitunguu, nikiongopa atanisahihisha.

Shule niliishia darasa la nne. Kuandika kwangu ndiyo huku.

Mjukuu wangu Zuhura anajiandaa na interview ya kazi katika hoteli moja ya huku pwani. Kaambiwa Kiingereza cha kawaida hakitoshi, asome vocabulary ngumu. Basi nyumba yangu imejaa karatasi. Mlango wa friji, neno. Kioo, neno. Nafungua kabati nitoe kawa, neno linanitazama.

Ukimuuliza maana, anakupa neno jingine la Kiingereza. Nikitaka Kiswahili chake: "Bibi, kwa Kiswahili halikai vizuri."

Halikai vizuri, kwani kitanda hicho?

Sasa. Nilikuwa na uvimbe shingoni, umekua taratibu mpaka ushungi ukawa hauufichi tena. Hospitali wakachoma sindano, wakatoa cha kupima. Siku ya majibu nikaenda na Zuhura.

Daktari, kijana mstaarabu, akaanza na shikamoo. Akaanza na Kiswahili pia. Zuhura akamdakia kwa Kiingereza, na daktari naye akamfuata. Wakaondoka hao.

Watatu wote Waswahili, shingo ni yangu, mimi nimewekwa katikati kama mkoba.

Tulipotoka nikamuuliza, "Kasemaje?"

"Ni benign, Bibi." Kafurahi kweli. "Hilo ninalo, lipo kwenye kioo."

(Linaandikwa hivyo, linasomeka binaini. Hata kwenye kuandika hawasemi kweli.)

"Maana yake?"

"Mpole. Mwenye huruma."

"Na dawa?"

"Hajatoa."

Nyinyi mngeelewa nini? Kitu kimekaa shingoni mwako, kina huruma, na daktari hajaona haja ya kukupa dawa. Mimi nilielewa kwamba kinaniua, ila hakina haraka.

Nyumbani nikafungua sanduku, nikaanza kugawa kanga. Ile ya harusi ya binti yangu nikampa jirani. Mpaka leo nikipita naiona kambani kwake, nageuza uso.

Nikampigia kaka yangu Shomari, kule Fukayosi, aje nimwachie wasia.

Akaja, akasikiliza mpaka mwisho. "Uvimbe mpole ndiyo uvimbe gani, dada? Kwani ule mkali huwa unapiga watu?"

"Usinichekeshe, mwenzio nakufa."

"Nani kasema?"

"Daktari."

"Kakwambia wewe? Kwa Kiswahili?"

Nikafunga sanduku.

Kesho yake nikarudi hospitali. Zuhura nilimwacha nje kwenye benchi.

Daktari akasema, "Bibi, si saratani. Ni mafuta yamejikusanya chini ya ngozi, hayana madhara. Mbona nilimweleza mjukuu wako?"

"Ulimweleza yeye. Shingo ya nani?"

Akainama. "Nisamehe, Bibi."

Nje nikamwambia Zuhura, si saratani. Akalia mbele za watu. Kumbe naye alikuwa hajui. Aliniona nagawa kanga akaogopa kuuliza, na mimi niliogopa kumuuliza yeye. Tumekaa nyumba moja, kila mtu na msiba wake, na neno lenyewe lipo pale kwenye kioo tunachochania nywele.

Sijasema msisome Kiingereza. Someni, kazi zenu zinakitaka. Lakini neno usiloweza kumweleza bibi yako akaelewa, hilo hulijui, umelikariri tu. Na madaktari mliomo humu, mgonjwa ana masikio.

Aliyekutwa na la namna hii aandike hapo chini. Nasoma polepole, lakini nasoma.

Karatasi sijazibandua. Nimewaambia wote wa nyumbani hivi: atakayebandika neno humu ndani atakuja kunieleza maana yake kwa Kiswahili mpaka mimi niseme nimeelewa. Nisipoelewa, linatoka ukutani.

Na wewe Zuhura, weka hivyo vitunguu chini, uanze na hilo la kwenye kioo.