Pola, Mchunga Viwavi wa Barani

Mpwa wangu Pola anachunga viwavi. Cheka upesi umalize, mimi mwenyewe nilicheka mwaka mzima.

Ana banda la neti nyuma ya nyumba hapa Barani. Kila asubuhi huingia kichakani kutafuta mayai ya vipepeo. Viwavi wakitoka, huwalisha majani ya kichaka hichohicho mpaka wajifunge kwenye maganda, ndipo anapowauza kwa wenye maonyesho ya vipepeo ng'ambo. Kwa kazi hiyo ameezeka mabati na kusomesha watoto wawili. Mbuzi wangu kumi na wanne hawajaezeka hata kibanda chao.

Kichaka si chetu. Ni urithi wa Salmin wa mjini Malindi na dada zake wanne, nao walimruhusu Pola kuchuma majani kwa maneno tu. Mwaka jana wakaamua kukata viwanja. Mpima akaja, na nani wa kumshikia utepe ila mimi? Niliishia darasa la sita, lakini mstari wangu haupindi. Nikachungulia ramani: kichaka chote kimepangiwa nyumba. Ile sehemu ya wazi ambayo mwenye ardhi hutakiwa kuwaachia watu wote, Salmin ameiweka kwenye shimo la kale la kuchimbia mawe!

"Kichaka kikikatwa, viwavi wangu wale nini, mjomba?" Pola akaniuliza. "Mchicha?"

Sasa, Pola hufunga vitambaa mitini asisahau: cheupe penye mayai, chekundu penye viwavi, cheusi kwenye mti unaopumzika. Wafyekaji walipofika kutoka Ganze, kiongozi wao Nzai akaona nyeupe, nyekundu na nyeusi. Kwetu rangi hizo tatu ni za pepo. Akaweka panga chini.

"Hapa pana wenyewe," akasema. "Mimi nina watoto." Akampigia Salmin simu.

Nikamvuta Pola kando. "Wewe nyamaza tu. Mimi nitaongeza chungu na kuku mweusi, hapasogelewi hapa mpaka kiyama."

"Mjomba, Salmin ataleta mganga awatoe hao pepo. Halafu nani ataniamini tena?"

Salmin akafika kwa bodaboda, kanzu imejaa vumbi.

"Shikamoo, mzee Salmin."

"Marahaba. Nasikia nimerithi na mizimu."

"Hamna mizimu. Vitambaa ni vyangu."

Nilitaka kumkanyaga mguu anyamaze, nikakanyaga wa Nzai.

"Lo! Dada, umenitetemesha bure!" Nzai akaokota panga lake.

Pola akafunua jani, akamwonyesha Salmin viwavi wamejipanga kama watoto wa chuo cha Kurani. "Mzee, watakaonunua viwanja wana watoto. Watacheza shimoni? Acha hapa pawe ndiyo sehemu ya wazi. Kinachotakiwa utakuwa umekitoa, kimehama tu."

"Shimo halijengeki, Pola. Dada zangu niwape nini?"

Salmin akakizunguka kichaka, akarudi na kanzu imenasa miiba.

"Shimo nitalichukua kwenye fungu langu," akasema. "Nitalijaza pole pole, inshallah. Lakini barabara ya kuingilia viwanjani siwezi kuihamisha. Upana wa mita tisa ndio unaotakiwa, na itapita upande huu."

Upande huo ndio ulikuwa mwekundu mtupu.

Pola akavihesabu vitambaa. "Nipe mpaka adhuhuri niwahamishe."

"Adhuhuri. Nzai, umesikia?"

Tukaanza. Pola anakata tawi, mimi nashika ndoo, na ndoo yangu haikumwaga kiwavi hata mmoja, muulize yeyote. Adhuhuri ikaadhiniwa, bado miti mitatu. Nzai akalitazama jua. Akaketi juu ya jiwe, akatoa tupa, akaanza kunoa panga lake taratibu, upande mmoja, kisha wa pili, kisha akaona heri arudie ule wa kwanza.