Picha Isiyo na Nyuma

Shangazi yangu alikuwa na hoteli Busia, mwendo wa dakika chache kutoka geti la mpakani. Hoteli kwa maana yetu: meza sita, jiko la makaa, chapati, maharagwe na chai ya tangawizi. Watoto wake walisomeshwa na matumbo ya madereva. Zamani lori lilikaa foleni siku tatu, na dereva asiye na pa kwenda hula. Siku hizi karatasi zinamalizwa upesi, lori linapita bila hata kuzima injini. Watu wote walishangilia. Shangazi alinuna, na sikumlaumu, kwa sababu mwenye nyumba alikuwa ameshaanza kumleta mtu wa duka la simu kupima kuta.

Hapo ndipo nikajitia kumwokoa. Nilikuwa nimenunua kamera ya macho mawili, moja linatazama mbele na jingine nyuma, inayopiga chumba kizima kwa mara moja. Ukiiweka picha hiyo kwenye ramani ya mtandaoni, mtu aliye Nairobi anaizungusha kwa kidole kama aliyesimama katikati ya chumba. Nilikuwa nimepiga picha gesti mbili za Malaba na duka la vitanda Mundika, nikajiona fundi. Nikamweleza shangazi kwamba mteja wa leo hutazama kwanza kwenye simu ndipo aje. Hakuniamini sana, lakini alikubali.

Asubuhi ya picha nilimkuta amevaa kitenge cha kanisani. Viti vilikuwa na vitambaa vya kufuma, na takataka zote, magunia, mitungi, karai lililotoboka, amezisukuma karibu na mlango wa nyuma.

"Sasa mbele ni wapi?" akaniuliza.

Nilicheka. Nikamwambia hii haina mbele wala nyuma, inaona kote. Akaitazama kamera kwa muda.

"Kitu gani hakina nyuma?" akasema, akarudi jikoni kuondoa mitungi.

Laiti ningetulia nikamsikiliza. Busia, nyuma si neno dogo. Mwenye karatasi hupita mbele, getini. Mwenye mzigo wa kujitafutia hupita nyuma, kwenye vijia vya kati ya nyumba vinavyotokea Uganda, na watu huulizana umepita mbele ama nyuma kama wanaojuliana hali. Mlango wa nyuma wa shangazi ulifungukia kijia kimoja cha namna hiyo. Kila asubuhi aliingia hapo mama mmoja wa mayai na wenzake kutoka ng'ambo ya mpaka, trei kichwani. Waliziweka kwenye benchi, wakanywa chai, wakaenda zao sokoni. Niliwaona tangu nikiwa mdogo, na kwa kuwazoea nikawa siwaoni tena.

Kwa kamera ile mpigaji lazima ajifiche, la sivyo atakuwa ndani ya picha. Niliisimamisha katikati ya meza, nikamwacha shangazi jikoni, nikatoka mlango wa mbele nikabonyeza simu nikiwa nje. Nyumbani, nilipoifungua, niliwakuta watatu kati ya wanawake wale wanaingia kwa nyuma na trei zao. Mama wa mayai ameinama kidogo kuelekea kamera, anaichekea kama anavyomchekea mtoto wa jirani.

Ilikuwa picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Zile za gesti zilionekana kama nyumba zilizohamwa. Ningeweza kurudi nikapiga nyingine. Ningeweza kuzifuta nyuso, kazi ya dakika mbili, naijua. Lakini nilikuwa nimejifunza kwamba watu hupenda kuona watu, na nilitaka nisifiwe. Tamaa mbele, mauti nyuma: methali hiyo nimeiandika kwenye insha tangu shule ya msingi, na bado niliipandisha picha vilevile ilivyokuwa.

Ilitazamwa sana. Nilimpelekea shangazi simu aone hesabu ya watazamaji, akaniuliza ni wangapi kati yao wamekula. Walikuwa wamekuja wawili, mume na mke waliokuwa wanaelekea Jinja, na chapati waliipiga picha kuliko walivyoila.

Kisha wakaja maafisa wa forodha. Shangazi alinisimulia kwamba waliingia kwa adabu, wakaamkua. Mmoja alikuwa anazungusha chumba kwa kidole kwenye simu yake, na alipofika kwenye mlango wa nyuma akainua uso, akauendea. Mayai yalikuwa kwenye benchi. Waliyachukua, wakamchukua na mama wa mayai mwenyewe, na mlango ukaamriwa upigiliwe misumari.

Mama wa mayai aliachiliwa jioni. Kesho yake alikuja hotelini kupitia mbele, kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo, akasimama kizingitini asiingie. Mimi nilikuwepo, na nilitamani ardhi ipasuke.

"Nyabo, mimi nilidhani ni taa," alimwambia shangazi, akimwita bibi kwa lugha ya kwao. "Ndiyo nikaichekea."

Hakurudi tena. Wenzake walitafuta kijia kingine, na chai ya mtu mwingine. Ndipo tulipojua nani alikuwa anailisha ile hoteli tangu malori yaache kulala. Walikuwa wale wanawake wa nyuma, vikombe kumi na viwili kila asubuhi, na hakuna hata mmoja aliyemtafuta shangazi kwenye ramani. Haikupita miezi miwili, mtu wa duka la simu akawa anapigilia rafu zake humo.

Picha niliishusha, lakini nakala ninayo. Shangazi sasa anapika chapati nyumbani, Bukhayo, anazitembeza kwenye beseni. Juzi nilimtembelea, akaniomba aione. Aliizungusha polepole kwa kidole chenye unga, akalipita jiko, akajipita mwenyewe na kitenge chake, akafika kwenye mlango wa nyuma akasimama hapo. Nilingoja anitukane. Ningeshukuru.

"Na wewe ulikuwa wapi hapa?"

Nikamwambia nilikuwa nje, mbele, nimejificha. Akaizungusha tena, mzunguko mzima, akinitafuta.

"Hata kivuli chako hakipo," akasema, akanirudishia simu.