Mwalimu wa Figo

Mwalimu wa baiolojia, mama wa makamo, akiingia darasani hutundika koti lake juu ya tangazo la mkuu wa shule: MARUFUKU KUNYWA MAJI AU KWENDA MSALANI WAKATI WA KIPINDI. Koti lenyewe halivai kamwe. Kisha hupiga funda moja la maji, taratibu, watoto wakimeza mate, na kuchora figo mbili kubwa ubaoni. Sauti yake ni ya chini, ya mtu asiyeomba radhi. "Wanangu, maji yakipungua mwilini, figo zinabana mkojo. Yakizidi, zinaachia. Zinapima chumvi ya damu mchana kutwa, wala hazimwogopi mtu. Haya, toeni chupa zenu mnywe. Aliyebanwa, aende."

Leo mkuu alimkuta hivyohivyo, nusu ya madawati yakiwa matupu.

"Nani amewaruhusu kutoka?"

"Figo zao, Mkuu."

Moyo ulimwenda mbio mwalimu, lakini hilo nalo mwili ungelisawazisha wenyewe. Akafungua chupa yake, akanywa mpaka tone la mwisho, macho hayabanduki kwa mkuu.