Ng'ombe wa Mwisho na Hisa za Shemeji

Miaka ile ya thelathini nilikuwa karani wa shamba la chai huko Kericho, na sifa yangu kubwa ilikuwa kutotoka nyumbani. Kazi ikiisha, ni mimi na kiti changu cha kamba. Mke wangu alinicheka, "Mvua ya huku hainyamazi, na wewe unaingoja inyamaze ndipo utembee!"

Habari za mjini nililetewa na kaka yake. Yeye na wenzake walikuwa na kampuni ya kuuza magari: uwanja mmoja, malori mawili, na motokaa moja iliyofunikwa turubai kama maiti.

Wakati huo nilikuwa nimebakiza ng'ombe mmoja tu wa mahari wa kumpelekea baba mkwe. Nilikuwa nimeshamnunua, mtamba mwekundu. Shemeji akaja, akanywa chai, akamtazama.

"Shemeji, huyu atakula majani tu. Muuze, uingie kampuni."

"Na baba mkwe?"

"Baba niachie mimi."

Hisa iliandikwa shilingi ishirini, lakini mimi nilitakiwa kutoa hamsini. Kwa kuwa nimesoma sekondari, niliuliza kwa nini.

"Hiyo thelathini ni ziada, inabaki kwa kampuni kama mtaji. Ni mafuta ya ng'ombe hayo. Kiangazi kikija, ndiyo yatamwokoa."

Nikatikisa kichwa kama mtu aliyejua tangu zamani. Mtamba akaenda sokoni.

Baadaye kila nikiuliza hali ya kampuni, alinijibu, "Imenona!" Sikuendelea. Kwetu kule ziwani, mwenye deni la mahari hamhoji kaka wa mkewe. Anauliza mara moja, kisha anasifu mvua.

Bei ya mazao ikaanguka, wafanyabiashara wakaacha kununua magari, na wenye hisa tukaitwa mkutano. "Nenda," mke wangu akasema, "kiti hakitaibwa."

Uwanjani, nyasi zilikuwa zimeota katikati ya magurudumu. Mwenyekiti, mwenye duka mmoja wa mjini, akatuambia kampuni imekauka. Nikasimama, mimi ambaye sisimami.

"Na ile ziada tuliyotoa juu ya bei ya hisa? Mafuta yetu yako wapi?"

"Mafuta gani, karani? Kampuni haijauza hisa mpya tangu tuianzishe. Wewe ulinunua zile za shemeji yako. Pesa yako iliingia mfukoni mwake, hapa haikupita hata kusalimia."

Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka kidogo, nisionekane mgeni. Basi shemeji alikuwa ameona mbavu za kampuni zikitokeza, akatafuta mlango wa kutokea, na mlango ulikuwa umekaa kwenye kiti cha kamba.

Haukupita muda, baba mkwe akatuma mtu: ng'ombe wake yuko wapi? Shemeji hakuwa amemwambia neno.

Nikabana mshahara hadi nikapata ng'ombe mwingine. Mimi, mtu wa kiti, nikamswaga kwa miguu, tukashuka kupitia Fort Ternan hadi kwa baba mkwe, nyayo zimechubuka. Aliyetoka kumpokea, kama desturi inavyotaka, ni mtoto wa kiume wa kwanza wa nyumba ile: shemeji yuleyule. Alivaa viatu vipya. Akamzunguka ng'ombe, akampapasa mbavu, baba yake akitazama.

"Shemeji, mbona huyu amekonda?"

Mbele ya baba mkwe mtu hagombani.

"Njia ni ndefu, shemeji," nikasema. Kisha nikasifu mvua.