Mashine Niliyoichagua kwa Makalio

Bado naona haya. Juzi tajiri wangu, Mama Nekesa, alinipeleka kwa muuza mashine mtaani Shauri Moyo nimchagulie ya kukata nyasi, ile ya kukaliwa. Shamba lake la Kitale limejaa mawe, na mgongo humsumbua. Nilikuwa nimejigamba kuwa mashine nazijua, naye akaniahidi usimamizi wa shamba.

Sikutulia. Nilihama kiti hadi kiti nikijirusharusha, mpaka nikapata kimoja laini kama godoro.

“Hii hapa, Mama. Hata kwenye mawe utasinzia.”

Alikikalia, akatabasamu, kisha akainama kuchungulia chini.

“Wafula, visu vyake viko wapi?”

Nilipiga magoti nikatafuta. Muuzaji akakohoa.

“Hiyo haikati nyasi, buda. Hiyo ni ya kuvuta tela.”