Bega Langu na Chanjo ya Pepopunda

Nilikanyaga msumari nikipaka chokaa nyumba moja Ras Kitau, nikavushwa kwa mashua hadi mjini, kwenye kliniki ya kulipia, wakanichanja pepopunda bega la kulia. Alfajiri iliyofuata, nilipotaka kupiga takbira, mkono wa kulia ulikataa kufika sikioni.

Miezi ikapita, bega halijafunguka. Majirani zangu wa Wiyoni walisema dawa ile mbovu. Mke wangu naye: "Nenda kwa wakili, upate haki yako." Mimi nilitaka kwanza kujua: dawa imefanyaje hata ikanifunga bega, na wengine waliochanjwa pale siku ile hawana neno?

Wakili, dada wa bara, alinisikiliza kisha akasema, "Bwana, kuumia pekee hakutoshi. Lazima tuonyeshe kilichokuumiza."

Akanipeleka kwa daktari wa mifupa Mombasa. Daktari alilipima bega kwa mashine, akalibonyeza, akauliza sindano iliingilia wapi. Nikamwonyesha.

"Dawa haina kosa," akasema. "Sindano ilichomwa juu mno, ikaingia kwenye kiungo badala ya nyama."

Wakili akaidai kliniki fidia. Wakaitisha kikao cha maelewano, na muuguzi aliyenichanja akaletwa. Nilidhani atakana. Badala yake aliniuliza, "Ulikuwa umekaa?"

"Nimekaa, nawe umesimama. Shati sikuvua, nililivuta tu shingoni."

Akalitazama bega langu. "Basi ndiyo maana. Sikuliona bega zima. Nisamehe, Bwana."

Wakili wa kliniki alimkatiza, lakini neno lilikuwa lishatoka. Wakakubali kunilipia matibabu na kazi niliyoikosa. Kesi haikufika mahakamani. Mke wangu alifurahi sana. Mimi, kabla hatujatoka, nilimwomba yule muuguzi, "Bi, nionyeshe pahala penyewe." Akapapasa ncha ya mfupa wa bega langu la kushoto, akashuka vidole vichache, akabonyeza nyama. "Hapa."

Kwa mazoezi bega limelegea kiasi, ila dari siziwezi tena. Mimi napaka kuta, shemeji anapaka dari. Chanjo ya marudio ilipofika, nilikwenda. Jirani mmoja alinikuta nikitoka, akashangaa, "Huogopi?"

Nikamweleza yote, kiungo na nyama, tumesimama ndiani watu wakitupita. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua vifungo vya shati, akaanza kupapasa bega lake mwenyewe.